HP kubwa ndiyo maji mengi? Nipeni ufafanuzi kabla sijanunua pampu ya HP 2

Mkulima wa Ilula (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Nalima nyanya huku Ilula, Iringa. Kisima changu kipo bondeni, tenki la lita 5,000 nimeliweka juu mlimani ili maji yashuke yenyewe kwenye mipira ya matone. Pampu ni ya umeme, HP 1 (yaani nguvu ya farasi mmoja), nimeifunga kwenye kibanda karibu na kisima. Inavuta maji na kuyasukuma mpaka kwenye tenki kwa bomba jeusi la inchi moja.

Shida yangu ni kwamba maji yanatoka kinyonge. Tenki linachukua zaidi ya saa mbili kujaa, na msimu huu nimeongeza eneo. Nimeenda dukani, muuzaji ananiambia chukua HP 2, maji yatakuwa mara mbili, hesabu ya darasa la tatu hiyo. Fundi wangu naye ana lake: anasema nisinunue pampu nzima, ninunue mota ya HP 2 tu, aifunge kwenye kichwa cha pampu kile kile.

Kabla sijatoa hela nimeona nije humu. Uhusiano wa nguvu ya mota na kiasi cha maji ukoje? HP ikiongezeka mara mbili, maji nayo yanaongezeka mara mbili?

Naomba kuwasilisha.

Tembo Mweupe

Ngoja waje wataalamu. Nimekaa mbele kabisa.

Dalali wa Gerezani

Mkuu, chukua HP 2 uachane na mawazo. Nguvu ni nguvu. Nipo Kariakoo, mzigo upo, nakutumia kwa basi leo leo.

Bonde la Ufa

Huyo hapo juu anauza, msimsikilize sana 😂

Ila hata mimi najua HP kubwa maji mengi. Kwangu nina ya petroli HP 6.5, ya inchi tatu, inamwaga kama mto.

Mzee wa 415

Mkulima, usinunue kitu bado. Lete kwanza haya: (1) picha ya lebo ya pampu, au yaandike yaliyopo, (2) kutoka usawa wa maji kisimani mpaka mdomo wa bomba juu ya tenki ni mita ngapi kwenda juu, siyo urefu wa bomba, (3) urefu wa bomba lenyewe, (4) kipenyo chake, soma maandishi yaliyochapwa kwenye bomba, (5) chukua pipa la lita 200, likinge pale juu kwenye tenki, utuambie linajaa kwa muda gani.

Bila hayo kila mtu humu atakuwa anabashiri.

Mkulima wa Ilula

Shikamoo mzee. Haya hapa:

Lebo: 0.75 kW, HP 1, 230 V, 50 Hz, 5.2 A, mizunguko 2,850. Halafu Q max 100 l/min, H max 36 m.

Kwenda juu: nimepima kwa mpira wa maji wa wajenzi, jumla mita 20. Kati ya hizo, mita 4 ni kutoka maji ya kisima mpaka pampu.

Bomba: limeandikwa 32 mm PN 16, urefu mita 180.

Pipa: limejaa dakika tano, pengine na sekunde kidogo.

Sasa hapo penye 100 l/min ndipo ninaposhangaa. Napata 40 tu. Nimeibiwa?

Mzee wa 415

Marahaba. Hujaibiwa, umesoma lebo vibaya.

Q max ni maji yanayotoka pampu ikiwa haipandishi kitu, ni sawa na kumwaga palepale ilipo. H max ni urefu ambao maji yanafika na kusimama, halitoki hata tone. Namba hizo mbili hazikutani hata siku moja. Pampu inafanya kazi mahali fulani katikati yake, na kadiri unavyoidai urefu ndivyo inavyokupunguzia maji.

Hili lina ushahidi wake kwenye hesabu. Nguvu inayoingia kwenye maji yenyewe, kwa wati, ni lita kwa dakika, mara mita za kupandisha, mara 0.1635. Hiyo 0.1635 haikutoka hewani: lita moja ina uzito wa kilo moja, mvutano wa dunia ni 9.81, na dakika ina sekunde 60. Tumwangalie Bonde la Ufa. Pampu nyingi za petroli za inchi tatu huandikwa kama lita 1,000 kwa dakika na mita 28. Zidisha: 1,000 × 28 × 0.1635 = wati 4,578. Injini ya HP 6.5 ni kama wati 4,850. Yaani ili namba zote mbili ziwe kweli kwa wakati mmoja, pampu ingetakiwa kutumia asilimia 94 ya nguvu ya injini bila kupoteza. Pampu ndogo kama hiyo haipo duniani. Inamwaga kama mto kwa sababu yeye anaivuta kwenye mfereji na kumwaga kwenye majaruba jirani. Aipandishe mita 25 tuone huo mto.

Bonde la Ufa

Mzee umenipatia 😂😂 Majaruba ni kweli. Mwaka juzi jirani aliiazima akapandisha mlimani, akarudi akisema imekufa.

Fundi Msukaji

Naomba niingie hapo kwenye habari ya kufunga mota kubwa kwenye kichwa kile kile. Nasuka mota, haya mambo yanakuja mezani kwangu kila wiki.

Mota hizi za umeme wa kawaida, iwe HP 1, 2 au 3, kama ni za nguzo mbili (nguzo za sumaku ndani ya mota) kwenye umeme wetu wa 50 Hz zinazunguka pale pale kwenye 2,850 mpaka 2,900 kwa dakika. Impela (kile kisahani kinachozunguka na kusukuma maji ndani ya pampu) haijui imefungwa kwenye mota ya HP ngapi. Inachojua ni imezungushwa kwa mwendo gani na yenyewe ina kipenyo gani. Mwendo ule ule, impela ile ile, bomba lile lile: maji ni yale yale. Ni kama kumtoa kuli wa kawaida ukaweka jitu la miraba minne, halafu umpe debe lile lile na umwambie atembee hatua zile zile. Mzigo hauongezeki, yeye tu ndiye hatoki jasho.

Kwa hiyo mota ya HP 2 kwenye kichwa cha HP 1 haitakuletea lita hata moja ya ziada ya maana. Itafanya kazi nusu ya uwezo wake na bili haitashuka. Mota haisukumi HP zake zote kwenye maji. Inatoa kile ambacho pampu inaidai. HP ya kwenye lebo ni kikomo cha kile inachoweza kubeba bila kuungua.

Na kuna balaa la pili, kubwa zaidi. Alikuja mteja hapa, pampu yake ni ile ya kuunganishwa kwa kapulingi, mota ya HP 2 imeungua. Akapata mota ya mtumba ya HP 3, akafurahi, akafunga. Maji hayakufika kwenye tenki kabisa. Akaja kunigombeza kana kwamba mimi ndiye niliyemuuzia. Nasoma lebo: mizunguko 1,440. Nguzo nne. Mwendo umekuwa nusu, na mwendo ukiwa nusu, urefu ambao pampu inaweza kufika unakuwa robo. Kilichokuwa kinafika mita 30 sasa kinaishia saba na nusu. HP zimeongezeka, maji yamepotea.

Mzee wa 415

Ongea tena fundi. Wale wanaopenda kanuni: maji hufuata mwendo, urefu hufuata mwendo mara mwendo, na nguvu inayodaiwa hufuata mwendo mara mwendo mara mwendo. Ukipunguza mizunguko kwa asilimia 20, maji yanashuka asilimia 20, lakini umeme unabaki kama nusu. Ukipandisha mizunguko kwa asilimia 10, mota inadaiwa theluthi moja zaidi. Hapo ndipo nyingi zinapoungulia. (Hii ni pampu yenyewe. Ikiwa imeunganishwa na mlima wa kupanda, hesabu ya maji inabadilika, nitafika huko.)

Pwani Tupu

Wazee hii imenifumbua. Shemeji yangu alituma pampu kutoka Saudia, mpya kabisa, kubwa, ila hapa Tanga inazidiwa na ya jirani ndogo. Nikasema labda imeharibika njiani.

Fundi Msukaji

Pwani Tupu, angalia lebo, bila shaka imeandikwa 60 Hz. Umeme wa Saudia ni 60 Hz, wetu 50. Hapa inazunguka asilimia 83 ya mwendo wake. Urefu unabaki asilimia 69, yaani pampu ya mita 50 imekuwa ya mita 35 hivi. Halafu mota inapewa volti zile zile kwa mwendo mdogo, sumaku inashiba, inachemka. Ukiisikia inanguruma na huwezi kushika mgongo wake kwa kiganja, izime.

Pwani Tupu

60 Hz. Duh.

Mzee wa 415

Narudi kwa Mkulima, maana swali lake bado halijajibiwa.

Pampu yako inatoa lita 40 kwa dakika. Kupandisha lita 40 mita 20 kunahitaji 40 × 20 × 0.1635 = wati 131. Basi! Una mota ya wati 750, na kutoka kwenye Luku (mita ya umeme) inavuta kama 900. Zilizobaki zinakwenda wapi? Sehemu inapotelea ndani ya mota kama joto, sehemu kubwa inapotelea ndani ya pampu, maana pampu ndogo hizi hata mtengenezaji mzuri akijitahidi, nusu ya nguvu inapotea humo. Hizo huna la kuzifanya. Ila kuna sehemu inapotelea kwenye bomba, na hiyo ni mali yako.

32 mm ni kipimo cha nje, PN 16 ni kiwango cha presha. Tundu la ndani ni kama 26 mm. Ukipitisha lita 40 kwa dakika kwenye tundu hilo kwa mita 180, msuguano peke yake unakula kama mita 12 za kupanda. Yaani pampu yako haipandishi mita 20, inapandisha 32 na ushee. Kwenye kilima cha mita 20 umejijengea kingine cha mita 12 ambacho hakionekani. Na pampu ya H max 36 ikidaiwa 32 na ushee, imebaki pumzi kidogo sana. Hiyo 40 yako ni halali kabisa.

Sasa tujaribu ushauri wa dukani. Pampu ya kawaida ya HP 2 ya aina hiyo ina H max kama 50. Kwenye bomba lako hilo hilo, nimekaa na kalkuleta, utapata kama lita 59 kwa dakika. Siyo 80. Kwa sababu msuguano nao haukusubiri: ukiongeza maji mara mbili kwenye bomba lile lile, msuguano unakwenda karibu mara tatu na nusu. HP zote ulizonunua zinakwenda kusugua plastiki.

Sasa acha HP 1 yako palepale, badilisha bomba liwe la inchi moja na robo, lile la 40 mm, tundu kama 34. Msuguano kwa maji yale yale unashuka mpaka karibu robo. Pampu inapata nafasi, inatoa kama lita 66. Umepata maji mengi kuliko HP 2 kwenye bomba jembamba, na hujagusa mota.

Kwa Luku ndio utacheka. Kila lita 1,000: sasa hivi unatumia kama uniti (kilowati-saa) 0.38. Kwa HP 2 kwenye bomba la zamani, nusu uniti au zaidi. Kwa HP 1 kwenye bomba la 40 mm, kama 0.26.

Tembo Mweupe

Hii ndiyo maana nipo humu. Kumbe uniti moja ya umeme ingetakiwa ipandishe maji kiasi gani kama hakuna kinachopotea?

Mzee wa 415

Lita 1,000 mita 367 kwenda juu. Shika hiyo 367, ni nzuri kwa hesabu za kichwani: mita za ujazo kwa saa, mara mita za kupanda, gawa kwa 367, unapata kilowati za kwenye maji. Halafu gawa tena kwa ufanisi. Kwa pampu ndogo ya umeme kama ya Mkulima, kuanzia kwenye mita ya Luku, chukua 0.3 mpaka 0.4. Kwa zile za bei chee za nusu HP chukua 0.2, na usishangae ikiwa chini zaidi. Kwa mitambo mikubwa ya mamlaka za maji ni 0.7 na zaidi.

Kuonja tu ukubwa wake: mtambo wa Ruvu Chini unaolisha Dar umejengwa kutoa lita milioni 270 kwa siku. Hiyo ni mita za ujazo 11,250 kwa saa. Kila mita 10 za kupanda zinadai kilowati 306 kwenye maji, kabla hujahesabu hasara yoyote. Bomba likiwa jembamba kidogo pale, si bili ya mtu mmoja.

Dalali wa Gerezani

Mzee mnatuharibia biashara 😅 Ila nikiri kitu kimoja, bomba la 40 mm rola ya mita 100 si bei ya peremende. Kwa mita 180 anahitaji rola mbili, na mita 20 zinabaki. Akilinganisha na HP 2 gharama zinakaribiana.

Mzee wa 415

Hilo ni kweli, na ndiyo maana sikumwambia akimbilie dukani. Alinganishe bei, lakini aweke na Luku ya msimu mzima kwenye mizani.

Mama Shamba

Jamani naomba kuuliza, samahani kama ni swali la kijinga. Hilo bomba la zamani lina ubaya gani? Kwa nini asiongeze jingine la inchi moja hiyo hiyo pembeni yake, maji yagawane njia? Mimi kwangu nilifanya hivyo kwa sababu sikuwa na hela ya bomba kubwa.

Mzee wa 415

Dada, hilo si swali la kijinga, ndiyo jibu lenyewe.

Mabomba mawili ya 32 mm sambamba: kila moja linabeba nusu ya maji, na kwa nusu ya maji msuguano unashuka mpaka asilimia 28 hivi. Nimepiga hesabu sasa hivi, kwa mita 180 inakaribia kabisa bomba moja la 40 mm. Tofauti ni sentimita chache. Na la 32 mm ni rahisi kuliko la 40. Mkulima, asante mwambie Mama Shamba.

Masharti mawili tu. Yagawanyike kwa tii baada ya pampu na yakutane karibu na tenki, au kila moja limwage kivyake tenkini, vyote sawa. Na tii yenyewe isiwe na tundu jembamba. Usibane inchi moja na robo inayotoka kwenye pampu ukaishusha kwa nipo (kiunganishi cha bomba) ya robo tatu kama nilivyoona kwa watu.

Kisimani

Niongezee upande wa kuvuta maana watu huusahau. Bomba la kuvuta lisiwe dogo kuliko mdomo wa pampu, na futi valvu (ile valvu ya mwisho wa bomba kisimani) isiwe na uchafu. Ukiibana pampu upande wa kusukuma inapunguza maji tu. Ukiibana upande wa kuvuta, maji yanachemka kwa baridi ndani ya impela, unasikia kama kokoto zinatembea, na impela inaliwa mashimo mashimo.

Na Ilula ni juu kule, kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Hewa inayosukuma maji kupanda kwenye bomba la kuvuta ni pungufu kuliko Dar. Mita 4 zake ni salama, ila asijaribu kusogeza pampu juu ya mlima akidhani atapunguzia kazi. Zaidi ya mita sita kule atakuwa anasali. Mota hata iwe ya HP 10, kuvuta ni kazi ya hewa, si ya mota.

Bonde la Ufa

Hilo la hewa linagusa na injini za petroli, eti? Yangu nilipoipeleka Mbeya ilikuwa mzito.

Kisimani

Linagusa sana. Injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa) inapoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kila unapopanda mita 1,000. Mbeya mjini ni kama 1,700. HP 6.5 yako kule ni kama HP 5 na nusu. Hapo injini inashindwa kushika mizunguko yake, na mizunguko ikishuka, rudi kwenye somo la Fundi Msukaji.

Kijana wa Site

Wakuu, mimi nina swali dogo. Nina ile pampu ndogo ya nusu HP, ya rangi ya bluu, inatoa maji mengi kuliko bomba langu la bustani linavyohitaji. Nimekuwa naibana kwa koki ili ipunguze kula umeme. Nipo sahihi?

Fundi Msukaji

Hapana, acha leo leo!

Pampu aina ya Mkulima, yenye impela pana, ukibana koki maji yanapungua na ampia zinashuka. Ndiyo maana kubwa zake tunaziwasha koki ikiwa imefungwa, halafu tunafungua taratibu. Lakini hiyo yako ya nusu HP ndani ina kisahani chenye meno madogo madogo pembeni. Hiyo ni kinyume. Ukiibana, presha inapanda na mota inadaiwa zaidi. Ukifunga koki kabisa ndipo inapovuta ampia nyingi kuliko wakati wowote. Zinazoletwa kwangu zimeungua, nyingi zimeungulia hapo, floti imefunga tenki limejaa na mota inaendelea kusukuma ukuta.

Kama maji ni mengi, weka njia ya kurudisha kisimani, au tafuta swichi ya presha izime.

Kijana wa Site

Nimekimbia kuizima.

Mkulima wa Ilula

Wakuu, nimerudi na mrejesho.

Nimenunua rola mbili za 32 mm, nimelaza bomba la pili sambamba na la kwanza, tii ya inchi moja na robo pale pampuni. Pampu ile ile ya HP 1. Pipa la lita 200 sasa linajaa dakika tatu na sekunde chache. Tenki saa moja na robo na kidogo.

Fundi wangu alikuwa na klampu mita nikamwomba apime. Kabla ilikuwa ampia 4.3, sasa 4.8. Amenuna kidogo kuhusu ile mota ya HP 2, lakini amekubali. Swali langu: mbona ampia zimepanda wakati nimeipunguzia kazi?

Mzee wa 415

Hongera. Na hilo la ampia ndilo jibu la kichwa cha uzi wako, limekuja lenyewe.

Hujaipunguzia kazi, umeiondolea kizuizi. Sasa inapitisha maji mengi, na aina hii ya pampu maji yakiongezeka nguvu inayodaiwa nayo inaongezeka. Kwa hiyo uhusiano upo, ila unatembea kinyume na watu wanavyoufikiria: maji ndiyo yanayoamua mota ivute nguvu kiasi gani. Pampu, bomba na mlima vinakubaliana kwanza maji yatakuwa kiasi gani, kisha mota inaletewa bili. Lebo yako inasema 5.2, upo 4.8, umebakiza nafasi. Ungelaza bomba la inchi mbili ukamwaga chini badala ya mlimani, ungekuta inagonga 5.2 au kuipita. Wapo wanaounguza mota kwa kuipa njia rahisi kupita kiasi, na hawaamini ukiwaambia.

Angalia na volti jioni watu wakirudi nyumbani. Zikishuka mpaka 190 hivi, maji hutaona yamepungua sana kwa sababu mizunguko haishuki sana, lakini ampia zitapanda. Weka kinga ya ampia, isiwe fyuzi ya mkadirio.

Dalali wa Gerezani

Kinga ya ampia ninayo 😂

Mama Shamba

Mzee, usiondoke. Mimi nina kisima cha kuchimba, nataka kuweka ya sola ya kuzamisha. Dukani wana HP 1 na HP 2 za familia moja, lebo zote zinaonyesha maji karibu sawa. Sasa HP 2 ni ya nini? Na jirani yangu anayo ya sola, anasema asubuhi mpaka saa nne haitoi kitu, halafu ghafla inatoa. Paneli ni mbovu?

Mzee wa 415

Dada, kwenye pampu za kuzamisha za familia moja, impela zimepangwa moja juu ya nyingine. Maji yale yale yanapita kwenye kila impela na kila moja inayapandisha mita kadhaa. HP 1 ina impela chache, HP 2 nyingi. Kwa hiyo pale HP zimenunua urefu, siyo maji. Kisima kifupi ukiweka HP 2 umelipia impela ambazo hazina kazi. Ukitaka maji zaidi, unahama familia, unachukua yenye impela pana.

Jirani yako paneli zake huenda ni nzima. Pampu ya sola jua likiwa hafifu inazunguka polepole. Tuseme kwa mwendo kamili inaweza kufika mita 60, na maji yake yanatakiwa yapande 40. Urefu hufuata mwendo mara mwendo, kwa hiyo mpaka ifikishe asilimia 82 ya mwendo wake haifikishi hata tone juu. Kwa mwendo huo tayari inadai zaidi ya nusu ya nguvu yake. Kabla ya hapo jua lote linatumika kuzungusha maji pale pale ndani ya kisima. Jua likivuka hapo kidogo tu, maji yanaanza, na yanaongezeka haraka. Ndiyo hiyo "ghafla" yake.

Zipo pampu za sola zenye skrubu ya chuma inayozunguka ndani ya mpira. Hizo kila mzunguko zinatoa kipimo chake, hata zikizunguka polepole maji yanapanda, kidogo kidogo tangu asubuhi. Zinafaa kisima kirefu chenye maji ya wastani. Ila usizifungie koki kamwe, zitapasua bomba au kujiua.

Mama Shamba

Kisima changu kina mita 70. Niende na ipi?

Mzee wa 415

Mita 70 ni shimo. Nahitaji kujua maji yanasimama wapi. Mwambie aliyekichimba akupe karatasi ya majaribio ya kisima, pale pana usawa wa maji kisima kikiwa kimetulia na usawa wa maji kikiwa kinavutwa, na kinatoa kiasi gani kwa saa. Huo wa pili ndio wa kufanyia hesabu, uongeze na kilima mpaka kwenye tenki. Ukiipata iweke hapa, usiku nitakaa nayo.

Mama Shamba

Karatasi ipo kwa mume wangu, amesafiri mpaka Ijumaa. Nitaileta.